Asilimia ya Watu Wangapi?

Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni



Wiki hii nina habari ya mbali, lakini nina hakika itakugusa hapo ulipo, hasa kama una mtoto wa shule. Ni habari ya shule moja ndogo ya umma huko Marekani, katika jimbo la Ohio. Shule hiyo haina jengo. Haina kengele, haina uwanja wa mpira, wala haina mwembe wa kukaa chini yake wakati wa mapumziko. Wanafunzi wako majumbani mwao, mwalimu naye yuko kwake, na wote wanakutana kwenye kompyuta kwa njia ya intaneti. Ada hailipwi, maana ni shule ya umma, inaendeshwa kwa fedha za kodi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyosoma hesabu za shule, nikianza na mimi mwenyewe.

Nimeijuaje shule hiyo? Mdogo wangu wa kike anaishi mjini Columbus, Ohio, pamoja na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka 15. Siku moja alinipigia simu saa nane mchana. Kwao ilikuwa saa moja asubuhi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku kwenye ghala anakofanya kazi ya kufunga mizigo. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, na kwa wiki hulala nyumbani siku mbili tu.

"Kaka," aliniambia, "mpwa wako hataki tena kwenda shule."

Akanieleza. Kijana anachekwa kwa Kiingereza chake. Ndani ya basi la shule amepigwa mara mbili. Chakula hali vizuri, usiku halali, na alama zake zimeshuka. Mwenzake kazini akamwambia ipo shule ya umma ya kusomea nyumbani, tena kompyuta wanakuletea wenyewe mpaka mlangoni.

"Nimekutumia taarifa ya shule hiyo kwenye simu," akasema. "Wewe ni mwandishi wa habari, takwimu unazijua. Niambie nimpeleke au nisimpeleke."

Nikaifungua ile taarifa. Kule kila shule ya umma hutolewa hesabu zake kila mwaka, na yeyote anaweza kuzisoma: wanafunzi ni wangapi, ni wa asili gani, wanaotoka katika familia zenye kipato kidogo ni wangapi, na katika mitihani ya kusoma na hisabati wamefikia kiwango wangapi. Nikapitisha macho. Hisabati ilikuwa chini. Kusoma kulikuwa na nafuu kidogo. Waliohitimu kwa wakati walikuwa wachache mno ukilinganisha na jimbo zima. Nikampigia papo hapo.

"Shule mbovu hiyo," nikamwambia. "Achana nayo."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Kaka, umesoma kwa dakika mbili. Umeshaisahau ile shule yako ya asilimia mia?"

Ndugu msikilizaji, hapo nilishikwa. Inanibidi nikuambie kisa hicho, ingawa hakinipi sifa.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, wino wake haujakauka. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, nami nikatumwa wilayani kutafuta habari. Nikaipata. Shule moja ya binafsi, isiyojulikana, ilikuwa imefaulisha watahiniwa wake wote. Nikarudi mbio, nikaandika, na jioni nchi nzima ikasikia kwamba shule hiyo imefaulisha kwa asilimia mia moja. Kila neno nililosema lilikuwa kweli.

Nisichosema ni kwamba watahiniwa walikuwa 9. Na nisichouliza ni kwamba kidato cha kwanza walianza wangapi. Baadaye nilikuja kujua kuwa walianza zaidi ya 40. Wengine walikaririshwa, wengine waliondolewa, na wengine waliambiwa wakafanye mtihani kwenye kituo kingine kama watahiniwa wa kujitegemea, ili wasiharibu jina la shule. Waliobaki ni wale ambao hata wangesomea chini ya mti wangefaulu.

Baada ya habari yangu wazazi walimiminika pale. Karibu miaka miwili baadaye mzee mmoja alikuja getini kwetu akaniulizia kwa jina. Mkononi alikuwa na barua ya uhamisho wa mwanawe. Aliuza kiwanja ili alipe ada ya shule ile, na sasa kijana alikuwa ameambiwa kiwango chake hakitoshi kusajiliwa kufanya mtihani pale. Mzee hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, wewe ulipokwenda kule, uliwauliza walianza wangapi?"

Mpaka leo sina jibu la kumpa. Kisa hicho nilikisimulia nyumbani, na mdogo wangu hakukisahau. Basi safari hii nilimwomba anipe siku tatu. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaanza upya, mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza ulikuwa idadi ya wanafunzi. Shule nzima haikufika watoto 200, kuanzia madarasa ya chini hadi ya mwisho. Ukigawa kwa madarasa, unabaki na vikundi vidogo sana. Sasa chukua mfano rahisi. Tuseme darasa lina watoto 10, na mmoja wao siku ya mtihani ameamka na homa. Akishindwa, shule imepoteza asilimia 10 kwa homa ya mtoto mmoja. Katika shule yenye watahiniwa 500 homa hiyo hiyo haionekani kabisa. Ndiyo maana shule ndogo mwaka huu utaikuta juu kabisa ya orodha, na mwaka ujao iko mkiani, hali walimu ni wale wale na vitabu ni vile vile.

Mstari wa pili ulikuwa asili ya wanafunzi. Marekani imezoea kuwagawa wanafunzi katika mafungu saba: wenyeji wa asili wa bara lile, Waasia, Weusi, wenye asili ya nchi za Kilatini, watu wa visiwa vya Pasifiki, Weupe, na wenye asili zaidi ya moja. Nikauliza: mpwa wangu ataingia fungu gani? Atahesabiwa Mweusi. Humo atakutana na mjukuu wa watu waliofikishwa kule utumwani karne kadhaa zilizopita, ambaye Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake. Atakutana na mtoto wa Kisomali, maana Columbus ina Wasomali wengi. Atakutana na mtoto wa Kikongo aliyezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma. Wote hao ni fungu moja na asilimia moja. Jedwali la asili halikuniambia nyumbani kwao kunasemwa lugha gani, wala ni nani mle ndani anayeweza kumsaidia mtoto hesabu.

Mstari wa tatu ndio ulionishangaza zaidi. Kule Marekani, kwa miaka mingi, umaskini wa shule umepimwa kwa sahani. Mtoto wa familia yenye kipato kidogo ana haki ya kula shuleni bure au kwa bei nafuu, na idadi ya watoto hao ndiyo huchukuliwa kuwa idadi ya maskini. Lakini shule ya intaneti haina jiko. Hakuna chakula cha mchana, kwa hiyo mzazi hana sababu ya kujaza fomu ya chakula. Matokeo yake, kwenye shule nyingi za namna hii fungu hilo huwa tupu, au huonyesha maskini wachache kuliko waliopo. Anayesoma harakaharaka atadhani ni shule ya watoto wa matajiri. Kumbe shule haina sufuria tu.

Mstari wa nne ulikuwa mitihani. Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 2015, kama ile iliyoitangulia, inataka watoto wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja tena wakiwa sekondari. Lakini serikali kuu inapotangaza matokeo ya shule moja moja, huficha siri za watoto. Kundi likiwa na watoto 1 hadi 5, halionyeshwi chochote. Likiwa na watoto 6 hadi 15, unaambiwa tu kama waliofikia kiwango ni chini ya nusu, au ni nusu na zaidi. Wakiwa 16 hadi 30, unapewa ngazi pana, ya asilimia 20 hivi. Jinsi kundi linavyokua, ndivyo ngazi zinavyokuwa nyembamba, na ni pale tu wanapozidi 300 ndipo unapopewa asilimia kamili.

Utaratibu huo ni mzuri, maana hakuna anayetaka jirani ajue kuwa mtoto wa fulani ndiye aliyeshindwa. Lakini tazama ulivyonipoteza mimi. Niliona "chini ya nusu" nikasema shule mbovu. Kumbe kundi lenyewe lilikuwa la watoto 6 hadi 15. Huenda hakufaulu hata mmoja. Huenda pia wamefaulu 7 kati ya 15, akabaki mmoja tu ili ivukwe nusu. Mambo hayo mawili ni mbali kama Mtwara na Bukoba, lakini kwenye karatasi yameandikwa neno moja.

Mstari wa tano ulikuwa wa kuhitimu. Huko huhesabu hivi: mwanafunzi aliyeanza sekondari amalize kwa miaka minne. Akihama kwa barua, shule ya kwanza inamfuta kwenye hesabu zake, na shule ya mwisho inambeba. Sasa nani huhamia shule ya intaneti? Mara nyingi ni mtoto aliyeugua kwa muda mrefu, aliyepigwa na wenzake, msichana aliyejifungua, kijana anayefanya kazi, au aliyekwisha kubaki nyuma mwaka mzima. Anafika amechelewa, anamaliza kwa miaka mitano au haimalizi, na lawama zote zinaandikwa kwa aliyempokea mwisho. Ile shule aliyoteseka miaka miwili, jina lake limebaki safi.

Kufika hapo, ndugu msikilizaji, nilikuwa tayari kumpigia mdogo wangu na kumwambia ampeleke kesho. Nilikuwa nimeikuta shule na hatia, nikaitafutia utetezi, na utetezi ukakubali. Lakini nikajiuliza kama sijafanya uvivu ule ule wa mwanzo, sasa kwa upande wa pili. Mwanzo nililaumu bila kuhesabu. Sasa nilikuwa nasamehe kwa sababu hesabu zina mashimo.

Nikaacha shule ile ndogo, nikatafuta shule nyingi za aina yake zikitazamwa kwa pamoja, maana ukishaunganisha maelfu ya watoto, homa ya mtoto mmoja haina nguvu tena. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa uchunguzi wa shule za intaneti za mkataba, yaani zile za fedha za umma zinazoendeshwa kwa uhuru wake, katika majimbo 17 na mji mkuu Washington. Hawakulinganisha mtoto aliyebaki nyuma na mtoto hodari. Kila mwanafunzi wa intaneti walimtafutia mfano wake katika shule ya kawaida: alama za awali zile zile, asili ile ile, hali ya nyumbani ile ile. Kwa hiyo utetezi wangu wa kwamba shule hizi hupokea waliochoka walikuwa wameshauzingatia.

Wakakuta nini? Katika kusoma, mtoto wa intaneti alikuwa nyuma ya mwenzake kwa kiasi cha siku 72 za masomo kwa mwaka. Katika hisabati alikuwa nyuma kwa siku 180. Mwaka mzima wa shule kule ni siku 180. Maana yake, kwa hisabati, ni kama mtoto huyo hakusoma kabisa.

Uchunguzi mwingine uliotolewa wakati huo huo ulionyesha sehemu ya sababu. Katika shule ya kawaida ya aina hiyo, muda ambao mwanafunzi yuko na mwalimu moja kwa moja, wakionana na kuulizana, kwa wiki nzima ulikuwa mdogo kuliko anaoupata mwanafunzi wa shule yenye majengo kwa siku moja. Muda uliobaki mtoto yuko peke yake na kioo.

Na jimbo la Ohio lenyewe lina historia yake. Hapo hapo Columbus palikuwa na shule kubwa ya intaneti iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, iliyofunguliwa mwaka 2000. Kwa mwaka wa masomo 2015/16 ilidai malipo ya wanafunzi zaidi ya 15,000. Serikali ya jimbo ilipokagua ni wangapi hasa walikuwa wanasoma muda unaotakiwa, iliweza kuthibitisha wapatao 6,300. Shule ikaamriwa irudishe dola milioni 60. Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, ikafungwa, na wanafunzi wapatao 12,000 wakalazimika kutafuta mahali pengine. Majina yao yalikuwamo kitabuni. Wengi wao, hakuna aliyeweza kuonyesha kuwa walikuwa wakisoma.

Simaanishi kuwa shule zote za intaneti ni za namna hiyo. Jimbo la Florida lilianzisha yake ya umma mwaka 1997, na kwa muda mrefu mpango wake ulikuwa kwamba serikali inalipa mwanafunzi akimaliza somo. Akiandikishwa tu, hakuna fedha. Shule inayolipwa kwa kumaliza ina sababu ya kumpigia simu mtoto aliyepotea. Shule inayolipwa kwa jina kitabuni, sababu hiyo haina.

Sasa nilikuwa na mambo mawili mkononi. Jedwali la shule ndogo lilikuwa halisemi chochote cha kutegemea. Hesabu kubwa zilikuwa zinasema kuna hatari ya kweli. Na katikati yake alikuwa amekaa mtoto asiyekula. Kumwambia mama yake abaki shule ile ile anayopigwa nako si jibu.

Hapo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe ya redio. Kwa nini tunajivunia mpaka leo ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973? Watu wapatao milioni 2 walijifunza kuhusu vyoo, maji safi na malaria. Tunapenda kusema walifundishwa na redio. Si kweli kamili. Redio ilisema, lakini watu walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Redio bila kile kikundi ingekuwa sauti inayopita.

Na mwaka 2020, shule zetu zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye luninga. Siku moja niliwahi kurudi nyumbani saa tano asubuhi. Redio ilikuwa inafundisha hisabati kwa sauti nzuri kabisa, na binti yangu alikuwa amelala fofofo kando yake. Baba yake ni mtangazaji, na redio ilikuwa mpya. Kilichokosekana ni mtu mzima chumbani.

Basi nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia ajisahaulishe asilimia, awapigie shule ile simu na kuwauliza mambo manne. Walioanza Agosti mwaka jana, mwezi Mei walikuwa wamebaki wangapi? Kwa wiki, mtoto anakuwa na mwalimu uso kwa uso kwenye kompyuta saa ngapi, mbali na masomo yaliyorekodiwa? Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Na mtoto asipofungua kompyuta siku tatu, nani anapiga simu nyumbani, tena kwa lugha gani?

Akawauliza. La pili na la tatu walimjibu hapo hapo, na majibu hayakuwa mabaya. La kwanza walisema watamwandikia, na hadi nasema nawe hawajaandika. La nne, yule mama wa ofisini alikuwa mkweli: yupo mtu wa kupiga simu, lakini Kiswahili hajui.

"Na swali la tano ni lako," nikamwambia mdogo wangu. "Wewe unatoka kazini asubuhi, unalala mchana. Mumeo yuko barabarani. Nani atakaa na mtoto?"

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kaka, hilo ndilo nililokuwa nalikwepa."

Jibu lilitoka pale pale mtaani kwao. Yuko mama mmoja Mkongo, Kiswahili chake ni cha Bukavu, ambaye hushinda nyumbani akilea watoto wachanga wa majirani walioko kazini. Wanawe wawili wanasoma shule hiyo hiyo ya intaneti. Wakakubaliana. Kila asubuhi mpwa wangu anavuka barabara na kompyuta yake, wanakaa watatu kwenye meza ya jikoni, na yule mama anapika huku akiwatazama. Kiingereza cha vitabuni hakijui. Lakini mtoto anayesoma na mtoto anayesinzia anawatofautisha kwa kumtupia jicho tu. Wamepeana muda mpaka mwisho wa muhula. Ikionekana hasongi mbele, watamtafutia shule nyingine yenye majengo, mbali na basi lile.

Wiki iliyopita nilizungumza naye.

"Mjomba, mambo vipi huko?"

"Nzuri mjomba. Hesabu zinakwenda. Ila mchana ni kimya sana."

Nikamuuliza kama anakula. Akasema pilau ya mama wa Bukavu si kama ya mama yake, lakini anakula. Sijui mwisho wake utakuwaje. Matokeo yake ya mtihani yakitoka, huenda wasomaji wa ile taarifa wasiyaone, maana kundi lake ni dogo na litafichwa. Mama yake atayaona, na huyo ndiye anayehusika.

Sasa nirudi nyumbani, kwako wewe unayenunua gazeti hili asubuhi ukielekea kazini. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Wako waliolalamika. Wakasema wazazi watachagua shule kwa kutumia nini? Na kweli, matokeo ya kila shule bado yanatangazwa, na shule nyingi zimeendelea kujitangaza zenyewe, kwa mabango barabarani na kwenye simu zetu: daraja la kwanza wangapi, sifuri hakuna. Sasa zinakuja na shule za kusomea kwenye kompyuta, zikiwa na matangazo yenye picha nzuri.

Sikukatazi kuyasoma. Mimi nasema ukishaona asilimia, uliza ni asilimia ya watu wangapi. Uliza walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliokosekana wamekwenda wapi. Shule inayochuja na kuwaacha wanyonge njiani itaonekana inang'aa. Shule inayowaokota wanyonge hao itaonekana chafu. Na huenda mwalimu hodari zaidi yuko kwenye hiyo ya pili, au huenda hayuko. Jedwali peke yake halitakuambia. Itakubidi uende ukakae kwenye benchi pale nje saa nzima, uangalie watoto wanavyotoka darasani, uulize wazazi wenzako, na mwisho ujiulize mwenyewe: mwanangu akirudi nyumbani jioni, nani yuko naye?

Na kwa waandishi wenzangu vijana, mnaotumwa wilayani kila matokeo yanapotoka, nina ombi moja. Kabla hamjarudi mbio na habari yenu ya asilimia mia, muulizeni mkuu wa shule lile swali la yule mzee wa getini. Mimi sikumuuliza, na kiwanja chake hakikurudi.